Ng'ombe Nisiyemtaja

Sechelela mwanangu,

Begi lako kubwa limeegemea mlango, na kila ninapopita naligonga kwa mguu. Umekwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imetulia kwa namna ambayo nitalazimika kuizoea. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kuelewana na mwenye nyumba. Hayo unayajua tangu bweni la sekondari, na uliyoyasahau utakumbushwa na tumbo lako mwenyewe.

Naandika kwa sababu ya maneno yako ya jana, tulipokuwa uani tukimenya karanga. Nilikuambia kwamba huenda nisikusindikize kesho hadi stendi, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa saa tatu asubuhi. Hukuinua macho. Ulisema, "Mkutano gani, Mama? Ule wa watu saba na mbwa wa mwenyekiti?" Nilicheka, nikidhani tunataniana. Ndipo ulipoendelea: "Umekuwa mtendaji wa kijiji hiki tangu nikiwa chekechea. Maji bado tunachota palepale. Sasa nami nakwenda kuwa mtendaji kama wewe, na hata siku ya kuondoka unanipa mkutano."

Nikakujibu, "Kazi ni kazi." Ni jibu la ofisini, jibu ambalo nimepewa mimi mwenyewe na watu niliowadharau kwa kunipa. Nimeshinda nalo leo kutwa kama jiwe ndani ya kiatu, na sasa nataka kukujibu upya, ingawa sina hakika kwamba jibu hili la pili ni bora. Angalau ni refu zaidi.

Ulipopata barua ya ajira kutoka upande wa Mpwapwa, majirani walipiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao. Kisha niliingia jikoni nikakasirika. Sikukukasirikia wewe. Niliikasirikia ile picha yako umekaa nyuma ya meza yenye mguu mfupi, ukiandika kwa mara ya nne kuhusu pampu. Unaifahamu hadithi ya pampu yetu: iliharibika, nikaandika, nikajibiwa kwamba barua imepokelewa, nikaandika tena, akaja afisa mpya, akaniuliza kwa nini sijawahi kuandika. Agizo la kuhesabu vyoo kabla ya Ijumaa hunifikia Jumatatu inayofuata, na juu yake pameandikwa "haraka sana". Nimesoma chuo kikuu, Seche. Wenzangu waliponisikia nimekuja kijijini walinicheka: "Shahada nzima, ukasuluhishe kesi za mbuzi?" Nikawaambia kwamba serikali ya kweli ndiyo hii, iliyo karibu na watu kiasi cha kusikia wakikohoa. Bado naamini hivyo. Nimechoka tu kuamini peke yangu.

Hata hivyo, si pampu wala vyoo vilivyonivunja nguvu. Kilichonivunja nguvu ni kitu nilichokipanda mwenyewe mwanzoni kabisa, na bado nakivuna kila ninapoitisha mkutano.

Wakati ule hatukuwa hata na pampu. Lilikuwapo lambo tu, na kila jioni ng'ombe wa kijiji kizima walikutana pale kwa pamoja. Wachungaji walipigana fimbo, maji yakawa tope, na kina mama walichota tope hilohilo. Mimi nilizaliwa mjini, Makole, mtoto wa karani. Ng'ombe nilikuwa nawaona buchani. Lakini nilijua kupanga. Nikabuni utaratibu wa zamu: kila kaya ipewe muda wa kunywesha kwa kadiri ya mifugo iliyonayo, mwenye wengi apewe muda mrefu, mwenye wachache mfupi. Hadi leo sijaona kosa katika hesabu yake. Labda ndiyo sababu sikuona kosa mahali pengine.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi. Wazee walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Nilisimama ubaoni na chaki, nikaanza kumuuliza mmoja mmoja, kwa sauti, ana ng'ombe wangapi. Wa kwanza alinong'ona, wa pili alitaja idadi ambayo ilimfanya mkewe amtazame. Nikafika kwa Mzee Ndahani, jirani yetu huyuhuyu, ambaye zizi lake lilikuwa kubwa kuliko yote upande wa magharibi.

"Mzee Ndahani, una ng'ombe wangapi?"

"Mimi? Sina."

Nikadhani ni ukaidi.

"Mzee wangu, asubuhi tumepishana ukiwatoa. Vumbi lilifika barabarani."

"Uliona vizuri, mwanangu. Hao nawachunga tu. Wenyewe wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo."

Mtu wa nyuma akakohoa. Mwingine akasema, "Mtendaji, nenda kwa anayefuata, jua hilo linazama." Watu wakacheka, nami nikadhani nachekwa mimi.

"Basi wataje hao wenyewe, tuwaandike."

Mzee alinitazama kwa utulivu. "Mwanangu, umesomea wapi?"

"Chuo kikuu."

"Huko hawafugi?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa changu bila shaka. Uso uliniwaka. Nikasema kwamba asiye na ng'ombe hahitaji zamu ya kunywesha, nikaruka jina lake, nikaendelea. Mwishoni nilisoma utaratibu wote, na watu wakapiga makofi. Nikaandika kwamba mkutano umeridhia kwa kauli moja. Niliyachukua makofi kuwa kura, Seche, kumbe watu walikuwa wakifurahi kwamba kikao kimekwisha.

Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa nilichokuwa nimefanya. Ulikijua kabla hujajua kusoma. Hapa mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huwagawa kwa rafiki, kwa shemeji, kwa jirani wa ng'ambo ya kilima, ili ugonjwa, au ukame, au mwizi asimalize vyote kwa usiku mmoja. Anayewatunza hupata maziwa na mbolea, na siku moja huenda akapewa ndama. Na hakuna anayesema hadharani yupi ni wa nani. Ndani ya darasa lile walikuwamo wenye ng'ombe aliowachunga Mzee Ndahani, wamekaa karibu na wakwe waliowaambia kwamba hawana kitu, karibu na kaka waliogawana nao urithi nusunusu. Nilimtaka awavue nguo watu hao wote mbele ya wake zao, kisha nikamwadhibu kwa kukataa.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Mzee hakuwa na zamu, na hakuwa mtu wa kuomba. Akawa anawaswaga hadi maji ya kijiji cha pili na kurudi, ng'ombe wanakonda njiani. Wenyewe waliona. Wakaja kimya, mmoja mmoja, alfajiri, kila mtu akachukua wake akawapeleka kwenye zizi lenye zamu. Ofisini sikuletewa malalamiko yoyote. Nilikuwa nikijisifu kwa utulivu ule. Habari niliipata kwako. Ulikuwa umezoea kwenda kwa mkewe kuchukua maziwa, na siku hiyo ulirudi na kibuyu kitupu ukaniambia, "Bibi amesema ng'ombe wamekwenda kwao." Uliniuliza kwao ni wapi. Nilikuambia ukanawe mikono.

Sasa, usiharakishe kumfanya Mzee Ndahani mtakatifu, na mimi mjinga. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa kujilaumu kuna utamu wake, kisha nikaanza kuwa na mashaka. Unamkumbuka Mama Loyce, aliyefiwa na mume akabaki na watoto wale wadogo. Mumewe alikuwa na ng'ombe, kila mtu alijua, lakini walikuwa kwenye mazizi ya watu. Mama yule alikuja ofisini kwangu akalia. Nikazunguka naye nyumba kwa nyumba. Kila tulipofika tuliambiwa, "Hapa hapana ng'ombe wa marehemu." Mzee Ndahani naye alisema hivyo. Huenda ilikuwa kweli. Huenda haikuwa. Ukimya uleule unaomlinda mtu dhidi ya ukame ndio uliomla mjane yule, na mpaka leo sijui ni sheria gani ingemsaidia bila kuwavua nguo wengine wote. Nilidhani nikikaa sana kazini nitalijua hilo. Sikulijua. Nakukabidhi swali, si jibu.

Kuna jambo sijakuambia kuhusu zizi lile. Mvua ziliporudi nilikwenda mnadani nikanunua mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. Nikamswaga mwenyewe, kwa viatu vya ofisini, hadi kwa Mzee Ndahani. Alinikuta nimesimama langoni kwake nikihema, mtamba akila ua lake la miiba.

"Mbukwenyi," akanisalimia kwa Kigogo, kama anavyosalimiwa mgeni. "Huyu ni wa nani?"

"Wa Sechelela."

"Na mtendaji akija kuniuliza?"

"Mtendaji ndiye mimi."

"Ndiyo maana nauliza."

"Atauliza taratibu," nikasema. "Nawe utamwambia huna."

Akamshika mtamba masikio, akamtazama meno, kisha akanikagua na mimi kwa macho. "Kwa hiyo wewe pia huna ng'ombe, Mtendaji."

"Sina."

Ndipo alipocheka, na mkewe akacheka ndani ya nyumba, kumbe alikuwa akisikiliza. Baada yangu wengine walianza kurudisha, mmoja hapa, mmoja pale. Zizi halijarudi kuwa kama zamani. Lakini maziwa uliyokunywa hadi ulipokwenda sekondari yalikuwa ya ng'ombe wako mwenyewe, nawe ulikuwa ukimshukuru Bibi kwa ukarimu.

Tangu hapo, kila zoezi la kuhesabu mifugo linapokuja, huulizwa mimi kwanza ili niwe mfano. Mtendaji, una ng'ombe? Nasema sina. Naweza kujitetea kwamba ng'ombe ni wako. Utetezi huo unanitosha mchana. Asubuhi na mapema haunitoshi.

Kwa Mzee nilisamehewa, nadhani. Kwa mkutano sikusamehewa. Watu walijifunza siku ile kwamba neno linalosemwa darasani hugeuka likamrudia msemaji, na somo hilo wamelishika kuliko somo lolote lililowahi kufundishwa ndani ya darasa lile. Hawagombi. Wangegomba ningejua la kufanya. Wananisalimu vizuri, wananiuliza habari zako, wanasema, "Tutakuja, Mtendaji," na hawaji. Wanaokuja hupiga makofi.

Ndiyo maana mkutano wa kesho umenifanya niwe mkali kwako. Mji unapanda kutoka Msalato, na sasa umefika kwenye malisho yetu. Wanataka eneo lote la magharibi lipimwe viwanja. Kijiji kinatakiwa kukaa na kutoa kauli yake, na kauli haihesabiki bila akidi, yaani idadi ya watu inayofanya mkutano uwe halali. Mara mbili tumeitisha, mara mbili darasa limebaki na madawati. Tukishindwa kesho, suala litapelekwa juu, na huko juu litaamuliwa na watu ambao hawajawahi kupishana na vumbi la Mzee Ndahani asubuhi.

Mwenyekiti wetu Amosi hana wasiwasi. Juzi aliniambia, "Mama Seche, ng'ombe hawajengi zahanati. Vijana wanataka viwanja. Kwani wewe unapigania nini?" Nilimwambia sipiganii kukubali wala kukataa, napigania waseme wenyewe. Akacheka: "Wakisema ndiyo?" Nikasema nitaandika ndiyo. Sijui kama nilisema kweli. Vijana wana haki ya kutaka nyumba ya matofali karibu na barabara. Wewe mwenyewe uliwahi kuitaka. Na mimi nina ng'ombe asiyetajwa anayekula kwenye malisho hayohayo. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kusema kwamba hana upande?

Leo mchana nilikwenda kwa Mzee Ndahani kumwomba aje kesho. Akija yeye, upande wote wa magharibi utakuja. Alikuwa zizini akimtoa kupe ng'ombe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huo mkutano ni wa kuuliza au wa kusikiliza?"

"Wa kusikiliza."

"Majina utaandika?"

"Ya waliofika tu. Bila majina hakuna akidi."

"Hayo ndiyo yaleyale."

Nilishikwa na hasira, Seche, hasira ambayo nimeimeza miaka mingi kwa sababu nilidhani sina haki nayo. Nikamwambia, "Mzee, mimi nilikosea, na nimelipia. Lakini ulinyamaza Mama Loyce alipolia hapa langoni, na ukinyamaza na kesho, malisho yatakwenda na hutakuwa na mahali pa kuchungia hata hao usio nao."

Aliendelea na kupe wake. Nikafikiri nimevunja kila kitu. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Nitaona."

Unajua "nitaona" ya huku. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa kwaheri. Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Mtoto anaondoka lini?"

"Kesho. Basi lake ni la saa mbili."

"Nani anampeleka?"

Niliinama nikapangusa vumbi la viatu.

"Mama Seche, mkutano wa saa tatu huanza saa sita, hata hawa ng'ombe wanajua. Wewe hukaa peke yako humo darasani ukingoja nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba nangoja kwa sababu lazima awepo mtu mmoja anayefika kwa wakati. Kwamba nikichelewa mimi nitakuwa nimekiri kuwa saa tatu haipo. Nimeishi kwa hoja hiyo. Nilipoifikisha ulimini ilikuwa imekauka, kwa kuwa nilikumbuka mahafali yako ya darasa la saba, siku ambayo nilikaa katika darasa moja nikingoja watu ambao hawakuja, huku wewe, upande wa pili tu wa ukuta, ukiimba na kuangalia mlango. Hukuwahi kulisema hilo. Jana ulilisema kwa njia nyingine.

Sikuandikii ili ukatae kazi. Nenda. Huenda kijiji chako kitakuwa na pampu nzima na watu wagomvi. Nakuombea wagomvi, kwa maana anayekugombeza bado anakutegemea. Ukisimama mbele yao na chaki, kabla hujauliza swali, mtazame aliyekaa kando ya mtu unayemuuliza. Mimi nilimtazama anayejibu tu. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha ambalo sijalitilia shaka, na hata hili siku nyingine huniponyoka.

Ng'ombe wako amezaa mara kadhaa. Yeye mwenyewe yuko palepale, amezeeka, baka limefifia. Mmoja wa ndama wake, Mzee alimhamishia kwenye zizi la mtu mwingine kiangazi kilichopita. Hakuniambia ni la nani, nami, mwenye shahada na mhuri, sikuuliza. Ukija likizo, nenda ukamwamkie Mzee, utembee naye pembeni, mbali na watu. Atakuambia. Malisho yakiwa bado yapo, atakuonyesha.

Nimeshamtumia Amosi ujumbe kwamba nitachelewa. Kesho tutaondoka pamoja alfajiri, nitabeba hilo begi linalonigonga mguu, na nitasimama stendi mpaka basi lako likunje kona. Kisha nitarudi kwa bodaboda. Nikiwakuta darasani wametimia, watakuwa wamefanya bila mimi jambo ambalo sijawahi kulifanikisha nikiwapo, nami nitakaa dawati la nyuma niwasikilize. Nisipowakuta, nitajua sikupoteza kwa mara nyingine kitu nilichokuwa na uwezo wa kukiona.

Wakifika kabla yangu, na waningoje. Ni zamu yao.

Mama yako,
asiye na ng'ombe.